Salio halivuki, kinachovuka ni ushahidi

Tuseme una USDC zako, sarafu za kidijitali zinazolingana na dola, kwenye Ethereum, ambayo ni blokucheni, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi. Umekutana na huduma iliyojengwa juu ya Polygon, blokucheni nyingine, yenye sharti moja: mwanachama awe na angalau USDC 1,000 kwenye Ethereum. Kwako hilo ni jambo la sekunde tano. Unafungua pochi, unaiona namba, unasema ninazo. Mkataba mahiri unaosimamia huduma hiyo, yaani programu inayoishi ndani ya blokucheni, hauna pa kuchungulia. Haufungui tovuti, hauulizi seva, haupokei picha ya skrini. Kwake ni kama Ethereum haipo duniani.

Upofu huo umewekwa makusudi. Kila nodi ya blokucheni, yaani kila kompyuta inayoiendesha, hurudia hesabu zilezile na lazima ifike kwenye jibu lilelile, iwe inazifanya leo au inazipitia upya miaka kumi baadaye. Mkataba ukiruhusiwa kuuliza intaneti katikati ya hesabu, nodi ya kwanza itajibiwa 1,000, ya pili iliyochelewa sekunde mbili itajibiwa 940, ya tatu itakuta seva imelala. Makubaliano yamevunjika hapohapo. Ndiyo maana taarifa ya nje huingia kwa mlango mmoja tu: kuna anayeiandika ndani ya muamala, muamala unaingia kwenye bloku, fungu la miamala linaloandikwa kwa pamoja, na kuanzia hapo kila nodi inasoma kitu kimoja. Huyo anayeandika, awe mtu, kampuni au kundi la kompyuta, ndiye anayeitwa orakoli.

Jina lina mbwembwe, ungedhani ni mganga anayetabiri. Kazi yenyewe ni ya tarishi: kaenda, kaona, karudi kusema. Tarishi mmoja huweza kuhongwa, kulala au kukosea tu, kwa hiyo orakoli iliyogatuliwa hutuma matarishi wengi wasiotegemeana, na mkataba hupokea kile tu walichoafikiana. Chainlink, iliyo maarufu kuliko zote, ilielezwa katika waraka wa mwaka 2017 wa Steve Ellis, Ari Juels na Sergey Nazarov, ikaanza kazi kwenye Ethereum Mei 2019. Imepata jina kwa kuleta bei: etha, sarafu ya Ethereum, ni dola ngapi sasa hivi. Salio la pochi ni kazi ya namna nyingine, na wanaonakili mfumo wa bei bila kufikiri hujikuta wamejenga kitu kinachofanya kazi vizuri hadi siku kinapohitajika.

Kinachobebwa ni sentensi

Watu husema "kuleta salio" kutoka blokucheni moja hadi nyingine kana kwamba kuna mzigo njiani. Hakuna sarafu inayosogea. USDC zako zimetulia pale pale zilipo. Kinachovuka ni sentensi moja: kwenye blokucheni hii, mwisho wa bloku namba hii, anwani hii ilikuwa na kiasi hiki cha tokeni hii. Ondoa kipande chochote na sentensi inakuwa porojo. Kipande kinachosahaulika kuliko vyote ni namba ya bloku, na ndicho kinachoamua kama ushahidi una maana. Angalia pia kitenzi: "ilikuwa". Sentensi hii imezaliwa ikiwa katika wakati uliopita.

Hata neno salio halina maana moja kila mahali. Ethereum huandika salio la etha la kila akaunti waziwazi kwenye rekodi zake, kwa kipimo cha wei, ambapo etha moja ni wei 1 ikifuatwa na sifuri 18. USDC hazikai hapo. Zimo ndani ya mkataba wa USDC wenyewe, ambao una orodha yake ya nani ana ngapi. Kuna tokeni kama stETH, inayowakilisha etha zilizowekezwa, ambazo hata orodha hiyo haina salio. Ina hisa, na salio hupatikana kwa kukokotoa kila unapouliza, hivyo hubadilika bila mwenye pochi kugusa chochote.

Bitcoin ndiyo ya ajabu zaidi. Haina salio kabisa. Inachokijua ni mabaki ya miamala ambayo bado hayajatumika. Pochi yako huyatafuta yale yanayofunguliwa na funguo zako, huyajumlisha, kisha hukuonyesha jumla. Programu ya Bitcoin Core haina hata faharasa ya anwani. Ukitaka kujua anwani fulani ina kiasi gani, unaipitisha kwenye mabaki yote yaliyopo au unaweka seva ya ziada iliyojitengenezea faharasa hiyo. Kwa hiyo swali "pochi hii ina kiasi gani?" kwenye Ethereum ni kusoma, kwenye Bitcoin ni kufanya kazi.

Safari ya ombi moja

Tufuate ombi la ile huduma ya Polygon. Mkataba unatoa tukio, yaani tangazo, kwenye rekodi, na ndani yake kuna utambulisho wa blokucheni inayoulizwa (Ethereum ni 1, Polygon yenyewe ni 137), anwani ya mkataba wa USDC, anwani yako na namba ya bloku. Nodi za orakoli, zinazoisikiliza Polygon muda wote, zinaliona. Kila moja inageukia nodi ya Ethereum inayoitumia na kuuliza: mkataba wa USDC, kwa hali ya bloku hiyo, unasema anwani hii ina ngapi? Jibu linarudi kama namba nzima isiyo na nukta. Kila nodi inalitia saini kwa ufunguo wake wa siri. Zamani kila nodi ilipeleka muamala wake peke yake na kulipia gesi yake, yaani ada ya muamala. Siku hizi nodi hupatana kwanza nje ya blokucheni, na mmoja wao hupeleka ripoti moja yenye saini za idadi inayotosha. Mkataba wa Polygon unahesabu saini, unahakikisha zinatoka kwa nodi zilizosajiliwa, na zikitimia unaandika jibu.

Saini ngapi zinatosha? Hesabu ya jambo hili ni ya kale kuliko kripto. Mwaka 1982 Leslie Lamport, Robert Shostak na Marshall Pease walionyesha kuwa kundi linaweza kuafikiana hata kama lina wasaliti, mradi wasaliti wasifike theluthi moja ya wote. Ukiwa na nodi 31, unastahimili 10 waliooza. Wa kumi na moja akiingia, dhamana imekwisha.

Sasa turudi kwenye bei. Bei ya etha haina jibu moja la kweli: soko hili linasema hivi, lile linasema vile, kwa hiyo orakoli huchukua namba ya katikati na kila mtu anaridhika. Salio si hivyo. Kwa bloku iliyotajwa, jibu sahihi ni moja tu, hadi tarakimu ya mwisho. Nodi kumi zikisema 1,000 na moja ikasema 999.5, hiyo moja imekosea, na hakuna sababu ya kuzichanganya. Mfumo unaochukua namba ya katikati kwenye salio kwa kawaida unaficha kosa la msingi: haukutaja bloku, kila nodi ikauliza kwa wakati wake, majibu yakatofautiana, na hesabu ya katikati ikapaka rangi juu ya ufa. Kwangu mimi, orakoli ya salio idai majibu yanayofanana kabisa, na yasipofanana ikatae kujibu. Kukaa kimya hakumdhulumu mtu kama jibu la kubahatisha linavyomdhulumu.

Kutaja bloku kuna gharama yake. Nodi ya kawaida ya Ethereum inayotumia programu ya Geth huhifadhi hali kamili ya bloku 128 za karibuni, na kwa kuwa bloku inatoka kila sekunde 12, hiyo ni kama dakika 25. Ukiuliza salio la wiki iliyopita, unahitaji nodi ya kumbukumbu inayotunza historia yote, na hizo wanazo wachache.

Uchache huo unaleta tatizo ambalo halionekani ukihesabu saini. Nodi 13 za orakoli zikikodi huduma ya mtoa data mmoja, una shahidi mmoja mwenye midomo 13. Tarehe 11 Novemba 2020, Infura, inayohudumia programu nyingi za Ethereum, iliyumba kwa sababu nodi zake zilikuwa kwenye toleo la zamani la Geth na zikabaki kwenye tawi tofauti na wengine. Hakuna aliyedanganya, lakini aliyeitegemea peke yake alikuwa akisoma Ethereum isiyokuwa ile ya wengine. Na daraja la Ronin (daraja ni mfumo wa kuvusha sarafu kati ya blokucheni), Machi 2022, lilikuwa na wathibitishaji tisa, watano wakitosha kuidhinisha utoaji. Wanne walikuwa chini ya kampuni moja, na wa tano alipatikana kupitia ruhusa ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta. Zikaondoka etha 173,600 na USDC milioni 25.5. Kwenye karatasi ni tisa, kiuhalisia walikuwa wawili.

Bloku ipi, sifuri ngapi, anwani ya nani

Bloku iliyotoka sasa hivi inaweza kufutwa. Ethereum huihesabu bloku kuwa ya kudumu baada ya kama dakika 13, Bitcoin haina mstari kama huo, ila kwa desturi watu husubiri bloku sita, yaani takriban saa moja. Orakoli ikishuhudia salio kwenye bloku ya dakika moja iliyopita, na bloku hiyo ikatupwa, ushahidi umebaki Polygon ukisimulia jambo ambalo halikutokea. Kwa mitandao mikubwa ni nadra. Kwa midogo si nadra kiasi hicho: Agosti 2020 Ethereum Classic ilishambuliwa na maelfu ya bloku zikabadilishwa kwa mkupuo.

Kisha sifuri. USDC kwenye Ethereum ina nafasi sita za desimali, kwa hiyo USDC moja imeandikwa 1000000. USDC iliyofungashwa na soko la Binance kwenye blokucheni ya BNB Chain ina nafasi 18. Mkataba ukiisoma ya BNB Chain kwa kipimo cha Ethereum, tokeni moja inageuka kuwa trilioni moja. Orakoli haijakosea, saini zote ni halali, na aliyekuwa na tokeni moja amekuwa tajiri kuliko nchi nyingi.

Suala la anwani ni la hila zaidi. Pochi ya kawaida hutumia ufunguo uleule kwenye Ethereum, Polygon na ndugu zao, hivyo anwani ikifanana mwenyewe ni yuleyule. Pochi ambazo zenyewe ni mikataba hazifuati kanuni hiyo. Katikati ya mwaka 2022 kampuni ya Wintermute ilipokea tokeni milioni 20 za OP kwenye Optimism, blokucheni iliyojengwa juu ya Ethereum, kupitia anwani ya pochi yake ya saini nyingi, pochi iliyokuwepo Ethereum lakini bado haijaundwa Optimism. Mtu mwingine akawahi kuiunda yeye kwenye anwani ileile, tokeni zikawa mikononi mwake. Nyingi zilirudishwa baadaye. Kwa orakoli ya salio funzo ni la moja kwa moja: kuona anwani inafanana pande mbili hakutoshi, mwenye pochi aitie saini ujumbe kutoka kila upande anaoudai. Na akishafanya hivyo amewaambia watu wote kuwa pochi zile zote ni zake, jambo ambalo halifutiki. Wengi wanalisahau hilo kwa haraka ya kupata uanachama.

Ukijumlisha, tazama saa

Shida huongezeka unapotaka jumla ya pochi zote za mtu. Tuseme orakoli inasoma Ethereum saa nne kamili, inakuta 1,000. Mwenyewe anazivusha kwa daraja. Saa nne na dakika ishirini orakoli inasoma blokucheni ya Arbitrum, inakuta 1,000. Jumla 2,000, na kila shahidi amesema kweli tupu.

Dawa yake ni kuchagua saa moja, kisha kwenye kila blokucheni kuchukua bloku ya mwisho kabla ya saa hiyo. Daraja huanza kwa kufunga au kuchoma upande mmoja kabla ya kutoa upande wa pili, kwa hiyo sarafu zilizo njiani hazitaonekana popote, na jumla itapungua badala ya kuvimba. Bora hivyo. Lakini saa za blokucheni nazo hazilingani. Kwenye Bitcoin, muda ulioandikwa kwenye bloku unakubalika mradi uzidi muda wa katikati wa bloku 11 zilizotangulia na usitangulie saa ya nodi inayoikagua kwa zaidi ya saa mbili. Yaani bloku inaweza kudai ni saa sita wakati ni saa nne, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Anayejumlisha Bitcoin na Ethereum kwa usahihi wa dakika anajidanganya.

Kuona si kushika

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoiuza teknolojia hii kama njia ya kukopea sarafu zilizoko kwingine. Ushahidi wa salio hauzuii salio kuondoka. Ukinikopesha kwa sababu orakoli imekuthibitishia nina 1,000 upande wa pili, naweza kuzihamisha kabla hujamaliza kusoma ripoti. Dhamana lazima ifungwe, na kufunga ni kazi ya daraja au mfumo wa ujumbe unaoweza kuamuru upande wa pili, pamoja na hatari zake zote.

Kuna pia mali ya kuazima. Mikopo ya papo hapo, ile inayochukuliwa na kurudishwa ndani ya muamala mmoja, hutajwa sana hapa, na mara nyingi kimakosa. Orakoli inayosoma hali ya mwisho wa bloku haiwezi kuiona mikopo hiyo, kwa sababu bloku inapofungwa imesharudi. Inayodanganyika ni mikataba inayopima salio katikati ya muamala. Beanstalk, mradi wa sarafu ulioamuliwa kwa kura za wanachama, ilivamiwa hivyo Aprili 2022, mshambuliaji akaazima nguvu za kura na kujipitishia pendekezo lake. Orakoli yetu inadanganywa na kitu cha kizamani zaidi: kuazima kwa rafiki kwa nusu saa. Baada ya soko la kripto la FTX kuanguka Novemba 2022, masoko mengi ya kripto yalikimbilia kuonyesha pochi zao kama uthibitisho wa akiba. Pochi inaonyesha kilichomo. Haionyeshi unadaiwa na nani.

Ya kuambiwa, changanya na yako

Yote haya yamemchukulia mkataba kama msikilizaji anayeamini saini. Kuna njia inayompa hesabu ya kujikagulia. Kichwa cha kila bloku ya Ethereum kina heshi moja, alama ya kidole ya kihesabu yenye baiti 32, inayofunga hali nzima ya mtandao: kila akaunti, kila salio, kila kisanduku cha data ndani ya kila mkataba. Nodi ya Ethereum inaweza kukupa njia ya mti wa Merkle, yaani mlolongo wa heshi, kutoka kwenye salio lako hadi kwenye heshi hiyo. Mkataba wa Polygon ukiwa na heshi sahihi, mtu yeyote anaweza kuuletea njia hiyo nao ukaikokotoa wenyewe. Tarakimu moja ikichezewa, hesabu haifiki kwenye heshi.

Hapo orakoli inabaki na kazi ndogo sana: kuleta heshi ya bloku. Haijui wewe ni nani wala una kiasi gani, na heshi moja inawatosha wote waliotaka kuthibitisha siku hiyo. Mwenye nia ya kuhonga nodi ili apewe salio la uongo sasa anapaswa kughushi Ethereum nzima mbele ya kila anayeikagua, na kila mwenye nodi ya Ethereum ataona kuwa heshi ile haipo. Kwenye Optimism na mitandao iliyojengwa kwa mfano wake, hata tarishi huyo hahitajiki, kwa kuwa heshi za bloku za Ethereum tayari zinapatikana ndani ya mkataba maalumu wa mfumo.

Njia hiyo haifiki kila mahali. Bitcoin hufunga kwenye kichwa cha bloku orodha ya miamala tu, haifungi hali. Unaweza kuthibitisha kwa hesabu kwamba ulipokea bitcoin mbili kwenye bloku fulani. Huwezi kuthibitisha kwa njia hiyo kwamba hujazitumia tangu hapo, kwa sababu hilo linataka kuonyesha kuwa jambo halijatokea kwenye bloku zote zilizofuata. Kwa salio la Bitcoin bado tunarudi kwa mashahidi na saini zao, na maswali yaleyale ya wako wangapi na wanasoma wapi.

Kwa ile huduma ya Polygon, ningeijenga hivi. Mara moja kwa siku orakoli inaleta heshi ya bloku ya Ethereum iliyokwisha kudumu. Anayetaka uanachama anakuja na njia yake ya Merkle inayofika kwenye kisanduku chake ndani ya mkataba wa USDC, anatia saini kwa anwani hiyohiyo, analipia gesi mwenyewe. Uanachama unaisha heshi mpya inapoingia, na asiyethibitisha tena ametoka. Mjanja ataazima USDC 1,000 kila asubuhi na kuzirudisha bloku ikishapita, akafaidi siku nzima. Kama huduma ni kusoma majadiliano ya ndani, mwache asome. Kama ni kugawana fedha, huduma hiyo isiwe ya kuonyesha salio, imdai azifunge.